Kuruka na kutua: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu kani ya ardhi na mwili wa mrukaji

Asubuhi nafundisha fizikia, jioni nafundisha mpira wa wavu, na maswali ya darasani na ya kiwanjani huwa yale yale: mtu anarukaje, kwa nini huyu anamzidi yule, na kwa nini goti linauma. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la kutua. Hilo ndilo ninalotamani kila mzazi na kila kocha alisome.

Kani ya mwitikio wa ardhi ni kitu gani?

Ukisimama, unaikandamiza ardhi, na ardhi inakusukuma juu kwa kiasi hicho hicho. Huko kujibu kwa ardhi ndiko kunakoitwa kani ya mwitikio wa ardhi. Ni kanuni ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687: kila kani ina kani jibu iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Mtu wa kilo 60 akisimama ametulia, ardhi inamsukuma kwa takriban newton 588 (newton ni kipimo cha kani), yaani kilo 60 mara 9.8, namba ya mvutano wa dunia.

Hapo haruki, kwa sababu mambo mawili yanayompata yamelingana: mvutano wa dunia unamshusha kwa newton 588, ardhi inampandisha kwa newton 588. Kuruka kunaanza pale anapoikandamiza ardhi kupita uzito wake. Akiikandamiza kwa newton 1,000, ardhi inamrudishia 1,000. Toa 588 za uzito, zinabaki 412 za kumpandisha.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba kani mbili za Newton "zinafutana", halafu wanakwama: sasa mtu anarukaje? Hazifutani, kwa kuwa moja inaipata ardhi na nyingine inakupata wewe. Ili kujua kama utapanda, hesabu zile zinazokupata wewe tu.

Mwalimu, ardhi haina misuli. Inasukumaje?

Kaa juu ya godoro. Linabonyea, linabonyea, mpaka linafika mahali linaweza kukubeba, linatulia. Saruji nayo inabonyea vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni. Chembe zake zinasogezwa karibu karibu na zinakataa kusogea zaidi. Kukataa huko ndiko kunakokusukuma.

Swali hili nalipenda kwa sababu linazaa jingine: nishati ya kuruka inatoka wapi? Haitoki ardhini. Kwenye sakafu ngumu, mahali unapokanyaga hapasogei, kwa hiyo ardhi haifanyi kazi kwa maana ya kifizikia. Nishati yote ni ya misuli yako, yaani ni ule ugali na maharage ya mchana. Ardhi ni egemeo tu, lakini bila egemeo hakuna mruko. Aliyewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi mdogo kwenda gatini analijua hili vizuri: anasukuma kwa nguvu zake zote, mtumbwi unakimbilia nyuma, na yeye anaishia majini.

Naweza kuiona kani hiyo bila maabara?

Unaweza. Tafuta mizani ya kusimama yenye sindano. Ya kidijitali haifai, kwa sababu nyingi husubiri namba itulie ndipo zikuonyeshe. Simama juu yake ukiwa wima, mwenzako ainamie sindano. Sasa chuchumaa ghafla kidogo, kama mtu anayetaka kuruka, na utulie hapo hapo chini.

Mwenzako ataona sindano ikishuka kwanza. Darasani kwangu karibu wote hutabiri kwamba itapanda, na kelele zinazofuata huwa ni furaha yangu ya muhula. Inashuka kwa sababu ili mwili uanze kwenda chini, ardhi lazima ipunguze kukusukuma. Umeyalegeza magoti, umeacha kuikandamiza. Sekunde hiyo hiyo, unapofunga breki chini, sindano inaruka kupita uzito wako wa kawaida, halafu inarudi mahali pake. Ukiinuka kwa haraka utaona kinyume chake: inapanda kwanza, kisha inashuka unapokaribia kunyooka.

Uzito wako haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jibu la ardhi. Tafadhali usiruke juu ya mizani hiyo. Itavunjika, na ukitua ukingoni utateguka kifundo cha mguu.

Maabara wanatumia nini?

Wanatumia bamba la kupimia kani, ambalo kwa mtazamo ni kama kigae kikubwa kilichozamishwa sakafuni. Chini yake kuna vihisio vinavyogeuza mkandamizo kuwa umeme, na kompyuta inasoma mara 1,000 kwa sekunde au zaidi. Halipimi kani ya juu na chini peke yake. Linapima pia ya mbele na nyuma, na ya kushoto na kulia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1880 huko Paris, mtaalamu wa fiziolojia Étienne-Jules Marey na msaidizi wake Georges Demenÿ walitengeneza jukwaa lililopeleka mkandamizo wa miguu kwa njia ya hewa kwenye mabomba hadi kwenye kalamu iliyochora mstari. Walimrukisha mtu juu yake na kumpiga picha za mfululizo. Ukitazama mstari wa siku hizi unaochorwa na kompyuta, umbo ni lile lile.

Mstari huo unasomeka hivi. Mwanzo umelala sawa kwenye uzito wa mtu. Kisha unazama, pale magoti yanapolegea. Unapanda kwa kasi kupita uzito, pale mwili unapofunga breki chini na kugeuka kwenda juu. Kwa mruko wa kawaida wa miguu miwili kilele hufika takriban mara 2 hadi 2.5 ya uzito. Halafu unaanguka hadi sifuri: miguu imeachana na ardhi. Sifuri inadumu kwa nusu sekunde hivi. Mwishoni unachomoka mwiba mrefu kuliko yote, na huo ni wa kutua. Watu huja kutazama kilele cha kuruka, mimi huwaelekeza kwenye mwiba wa mwisho.

Kwa nini mwenye nguvu nyingi si lazima aruke juu zaidi?

Kwa sababu kani peke yake haitoshi. Kuna na muda wa kuitumia. Kani inayobaki baada ya kutoa uzito, ukiizidisha kwa muda, unapata msukumo, na msukumo ukiugawa kwa masi yako unapata mwendokasi wa kuondokea. Mwendokasi huo ndio unaoamua kila kitu, maana ukishaachana na ardhi huna tena cha kusukuma.

Turudi kwa mtu wetu wa kilo 60. Tuseme kuanzia pale chini alipochuchumaa anasukuma kwa wastani wa newton 1,000 kwa sekunde 0.35. Zilizobaki ni 412. Mara 0.35 ni 144. Gawa kwa 60, unapata mita 2.4 kwa sekunde. Ili kujua atapanda kiasi gani, zidisha mwendokasi huo kwa wenyewe na ugawe kwa 19.6: inakuja mita 0.29. Sentimita 29, basi. Huo ni mruko wa kawaida wa kijana anayefanya mazoezi kidogo.

Mwenye nguvu za taratibu, yule anayenyanyua gunia zito lakini polepole, anakwama hapa. Miguu inanyooka mara moja tu na umbali wa kusukumia ni mfupi. Asipoifikisha kani yake kileleni ndani ya theluthi ya sekunde, miguu imeshanyooka na nafasi imepita.

Nikipunguza uzito nitaruka juu zaidi?

Ikiwa unachopunguza ni mafuta, ndiyo. Ikiwa ni misuli kwa sababu umejinyima chakula, utashuka. Kwa watoto wanaokua sizungumzii kabisa kupunguza uzito.

Kwa nini tunachuchumaa kidogo kabla ya kuruka?

Jaribu hivi: chuchumaa, tulia hapo ukihesabu hadi tatu, kisha ruka. Halafu simama wima, chuchumaa na uruke kwa mkupuo mmoja. Wa pili utakuwa juu zaidi kwa sentimita chache, hata kama magoti yamekunjwa sawasawa.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: kano, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, huvutika kama mpira wa manati, zinahifadhi nishati, kisha zinaiachia. Ni kweli zinavutika, lakini kwa mruko wa aina hii hiyo si sababu kubwa. Mwaka 1996 Maarten Bobbert na wenzake wa Uholanzi walionyesha kwamba jambo kuu ni muda wa kujiandaa. Msuli hauwaki kama taa. Unahitaji sehemu kadhaa za kumi za sekunde kufikisha kani yake. Anayeanza kutoka kwenye utulivu anaanza kupanda huku misuli ikiwa bado haijakaza vya kutosha, kwa hiyo sentimita za kwanza za njia zinakwenda bure. Aliyeshuka kwa haraka amelazimika kufunga breki, na breki hiyo imeikaza misuli kabla safari ya juu haijaanza.

Ndiyo maana nawaambia wachezaji wangu washuke haraka na wasiende chini sana.

Na mikono?

Mikono si pambo. Ikirushwa juu wakati miguu inasukuma, inaukandamiza mwili chini kupitia mabega, miguu inakandamiza ardhi zaidi, na ardhi inajibu zaidi. Vilevile inachukua muda, na inafanya nyonga na magoti yanyooke polepole kidogo, mahali ambapo misuli hutoa kani kubwa. Vipimo vya maabara vimeonyesha mwendokasi wa kuondokea ukiongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa mrukaji wetu wa sentimita 29 hiyo ni kama sentimita 6, bila kuongeza msuli hata mmoja. Mchezaji anayefika kwenye wavu mikono ikining'inia anaziacha bure.

Mbona morani wa Kimaasai wanaruka bila kuchuchumaa wala kurusha mikono?

Kwa sababu ni mruko wa aina nyingine kabisa. Kwenye adumu, ngoma yao ya kuruka, morani anaingia kwenye duara, anaruka wima, mwili umenyooka kama mkuki, na visigino havitakiwi kugusa chini. Wenzake wanapandisha sauti kadiri anavyopanda. Tazama kifundo cha mguu, usitazame kichwa: kazi karibu yote iko pale. Anatua kwa mbele ya wayo, misuli ya shavu la mguu inakaza na kushikilia urefu wake, na kano nene ya kisigino inavutika kisha inarudi. Hapa sasa ile hadithi ya manati ni ya kweli. Kila mruko unakopa kutoka kwa kutua kwa mruko uliotangulia, na deni linalipwa ndani ya muda mfupi sana wa mguu kugusa ardhi. Akikubali kisigino kishuke, mguu unakaa chini kwa muda mrefu zaidi, mvutano wa kano unapotea kama joto, na lazima aanze upya. Sheria ya kisigino si ya urembo peke yake. Kuna fizikia nzuri ndani yake, na waliitunza kwa macho na masikio bila bamba lolote.

Mtoto anayeruka kamba anafanya jambo lile lile kwa kimo kidogo.

Misuli gani inafanya kazi kubwa?

Mpangilio ni kutoka juu kwenda chini: nyonga zinaanza kunyooka, magoti yanafuata, vifundo vinamalizia. Misuli mikubwa ya makalio na ya paja inazalisha nishati, ya shavu la mguu inaifikisha ardhini. Kuna msuli mmoja wa shavu la mguu unaovuka goti na kifundo vyote viwili; goti likinyooka, unavuta kisigino juu, na kwa njia hiyo kazi ya paja inasafirishwa hadi kwenye wayo. Mrukaji anayenyoosha vifundo mapema, kabla ya nyonga, anapoteza kimo chake papo hapo.

Kuna watu wanaoweza kukaa hewani?

Hakuna. Lakini jicho halidanganyiki bure. Ukipanda unapunguza mwendo, juu kabisa unasimama, ukishuka unaongeza mwendo. Ukifanya hesabu, nusu nzima ya muda wa hewani unatumika kwenye robo ya juu ya mruko. Mchezaji wa mpira wa kikapu akikunja miguu akiwa juu na kuinyoosha wakati wa kushuka, kichwa chake kinaonekana kama kinateleza hewani. Hata hivyo kitovu cha uzito wake kinafuata njia ile ile kilichoichukua tangu aondoke ardhini, na hakuna ujanja unaoibadilisha.

Naweza kupima mruko wangu kwa simu?

Ndiyo, na kwa usahihi wa kuridhisha. Weka simu chini, mwenzako aielekeze kwenye miguu, achague video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Ruka mikono ikiwa kiunoni. Hesabu picha kuanzia ile ambayo vidole vimeachana na ardhi hadi ile vinapogusa tena. Gawa kwa 240, hizo ni sekunde za hewani. Zizidishe kwa zenyewe, zidisha kwa 9.8, gawa kwa 8: hicho ni kimo kwa mita. Picha 120 ni nusu sekunde, na nusu sekunde ni sentimita 31 hivi.

Ukikosea picha moja, umekosea nusu sentimita tu. Kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde, kosa la picha moja ni sentimita 4, na hapo hupimi tena, unakisia. Jambo moja la kuangalia: ondoka na utue miguu ikiwa imenyooka vilevile. Anayekunja magoti hewani anachelewa kugusa ardhi na anajipa sentimita za uongo.

Kwa nini magoti yanauma baada ya kuruka, na kutua kunafanyikaje?

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mchezaji wa kidato cha tatu, msichana aliyekuwa akipanda juu ya wavu kuliko wenzake wote. Kiwanja chetu kilikuwa cha saruji. Jioni moja alipiga smashi safi, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia mlio. Ligamenti ya mbele ya goti, ule utepe unaofunga mifupa ya goti pamoja, ilikatika. Hakuna aliyemgusa. Nilikuwa nimemfundisha kuruka kwa miaka miwili, na sikuwahi kutenga hata dakika kumi kumfundisha kutua. Tangu siku hiyo mazoezi yangu yanaanza na kutua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na inatisha. Mwili unaoshuka kutoka sentimita 30 lazima usimamishwe, na kani ya wastani inategemea umbali unaotumia kusimama. Ukiusimamisha ndani ya sentimita 30, yaani magoti, nyonga na vifundo vikikunjika vizuri, ardhi inakupiga kwa wastani wa mara 2 ya uzito wako. Ukitua miguu imekakamaa na kusimama ndani ya sentimita 5, wastani ni mara 7. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni zaidi ya newton 4,100 badala ya 1,200 hivi, na kilele cha papo kwa papo huwa juu ya wastani. Mruko ni ule ule, kimo ni kile kile.

Sasa hesabu ni mara ngapi mchezaji anatua kwa jioni moja. Kano ya chini ya kifuniko cha goti ndiyo inayolalamika kwanza. Maumivu ya pale, kwa mchezaji wa wavu au wa kikapu, ni taarifa ya kupunguza idadi ya miruko, wala si ya kufunga bandeji na kuendelea. Goti likivimba, likikwama au likiyumba, aende hospitali.

Kutua vizuri kunaonekana hivi: vidole vinagusa kwanza, kisigino kinafuata, magoti na nyonga vinakunjika pamoja, kifua kinaegemea mbele kidogo, na goti linabaki juu ya vidole bila kuingia ndani. Miguu yote miwili ishuke pamoja kila inapowezekana. Na sikiliza. Njia bora niliyo nayo ya kusahihisha kundi la watoto thelathini ni kuwaambia watue nisiwasikie. Mlio wa "pah!" ni kani iliyofika kwa mkupuo, na ukimya ni kani iliyogawanywa. Watoto wanaelewa mara moja, hata wa darasa la tatu.

Ni kweli wasichana wanaumia goti zaidi?

Kwa ligamenti ya mbele ya goti, ndiyo. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla hatari yao imepimwa mara kwa mara kuwa mara 2 au zaidi ya ile ya wavulana. Yametajwa maumbile ya nyonga, homoni, na namna misuli ya nyuma ya paja inavyochelewa kusaidia. Kwa kocha, la muhimu ni lile linaloweza kufundishwa: goti lisiingie ndani. Ligamenti hukatika ndani ya takriban milisekunde 50 baada ya mguu kugusa chini, muda ambao ubongo haujapata hata nafasi ya kushtuka. Huwezi kujirekebisha ukiwa umeshatua. Mwili lazima uwe umeshazoea.

Mpango wa kupasha mwili unaoitwa FIFA 11+ unachukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa chochote isipokuwa mpira, na umepimwa kwa wasichana wa soka na kupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Tunautumia kwenye wavu pia. Inaniuma kuona timu za wasichana zinanunuliwa jezi mpya kila mwaka, na dakika 20 hizo hazipatikani.

Viatu au miguu peku?

Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliozoea kukimbia peku walitua zaidi kwa mbele ya wayo, na ule mwiba mkali wa mwanzo wa kisigino haukuonekana kwenye mstari wa kani. Watu wengi wakavua viatu siku hiyo hiyo, wengine wakaumia mashavu ya miguu na mifupa ya wayo. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hutembea peku tangu utoto, ulikuta wengi wao wakitua kwa kisigino wanapokimbia kwa mwendo wa starehe. Kwa hiyo "peku" si neno moja lenye maana moja. Mwendo, ardhi na mazoea vyote vinahusika.

Kwa kuruka kwenye saruji, navalisha watoto viatu vyenye soli inayoshika. Soli laini haichukui nafasi ya magoti yanayokunjika.

Kufanya mazoezi kwenye mchanga wa ufukweni kunasaidia?

Kunachosha zaidi, na kutua ni laini. Mchanga unasogea chini ya wayo, hivyo sehemu ya kazi yako inaishia kusogeza mchanga na kimo kinapungua. Ni mazuri kwa anayetoka kwenye jeraha kwa idhini ya mtaalamu, na kwa kujenga mashavu ya miguu. Ila anayejiandaa kwa kiwanja kigumu afanye pia kwenye kiwanja kigumu.

Mtoto akiruka sana atadumaa? Au atarefuka?

Halimpati lolote kati ya hayo. Wachezaji wa kikapu ni warefu kwa sababu warefu ndio wanaochaguliwa. Kinachobadilika ni mfupa wenyewe: mfupa unaopigwa na kani kubwa kwa muda mfupi, kwa vipindi, unajiimarisha. Watafiti wa Oregon, Marekani, mwaka 2001 waliripoti watoto walioruka kutoka kwenye kasha la sentimita 61, mara 100 kwa kipindi, mara tatu kwa wiki kwa miezi saba. Mifupa yao ya nyonga na ya chini ya mgongo iliongezeka madini kuliko ya wenzao. Kamba ya kuruka ni ya bei ndogo, mwache mtoto aruke.

Kwenye kuruka chini (kuruka umbali) na miruko mitatu, kani ni ile ile?

Ni kubwa zaidi na fupi zaidi. Mmarekani Mike Powell aliruka umbali wa mita 8.95 mjini Tokyo tarehe 30 Agosti 1991; kwa warukaji wa kiwango hicho, mguu wa kuondokea hukaa ubaoni kwa takriban sekunde 0.12 tu. Ndani ya muda huo ardhi lazima igeuze sehemu ya mbio za mbele kuwa mwendo wa juu, na mrukaji analipia kwa kupunguza kasi. Kwenye miruko mitatu, mguu unaotua katikati ya safari umepimwa ukipokea zaidi ya mara 10 ya uzito wa mwili. Watoto wasianze huko.

Mazoezi yaanze wapi?

Wiki za mwanzo ni kutua tu: shuka kutoka kwenye ngazi moja, ganda, hesabu hadi tatu, uso mbele, goti juu ya vidole. Baadaye kamba, kuchuchumaa na kuinuka, kisha miruko ya wima, michache na kwa nguvu zote, ukipumzika kati yake. Miruko 40 mizuri ni bora kuliko 150 ya kuburuta miguu. Zoezi la kushuka kutoka juu ya kasha na kuruka hapo hapo, lililoenezwa na kocha wa Kisovieti Yuri Verkhoshansky tangu miaka ya 1960, lina nguvu kweli, na kwa sababu hiyo ni la mwisho. Simpi asiyeweza kutua kimya.

Na mwezini mtu angeruka kiasi gani?

Hili huja kila mwaka kutoka kwa watoto wa kidato cha kwanza. Kule mvutano ni mita 1.62 kwa sekunde mraba, kwa hiyo mtu wetu, akiondoka kwa mita zile zile 2.4 kwa sekunde, angepanda karibu mita 1.8 na kukaa hewani sekunde 3. Aprili 1972 mwanaanga John Young wa safari ya Apollo 16 aliruka kweli huko mwezini, akipiga saluti mbele ya bendera, akiwa ndani ya suti nzito isiyokunjika vizuri. Ukihesabu picha za video hiyo unapata takriban sekunde 1.45. Zizidishe kwa zenyewe, zidisha kwa 1.62, gawa kwa 8, kama ulivyofanya kwa simu yako: sentimita 42 au 43. Na alitua magoti yakiwa yamelegea.